Viunganishi vya wakati vya Kiingereza visifundishwe kwa kukariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wenzangu wa Kiingereza wa Arusha na Moshi, pamoja na wazazi na waongoza watalii wanaojiendeleza jioni. Mada ni ndogo, lakini inawaangusha wanafunzi kuanzia kidato cha kwanza hadi chuo: namna ya kutumia "when", "while", "before", "after", "until" na "since" katika habari za wakati uliopita.

Katika madarasa yetu mengi mada hii imegeuka kuwa chati mbili za manila ukutani. Moja ina orodha ya viunganishi, nyingine ina jedwali la nyakati. Mwanafunzi anakariri ya kwanza wiki hii, ya pili wiki ijayo, halafu anapewa kanuni moja ya kuziunganisha: tendo lililotangulia liwekewe "had", lililofuata lisiwekewe. Kwa kanuni hiyo anajaza nafasi zilizoachwa wazi na kupata vema nyingi. Mpe karatasi tupu aeleze ajali aliyoiona barabarani, utaona mara moja kwamba kanuni haikumfikisha mbali.

Shauri langu ni kwamba kiunganishi na kitenzi vifundishwe pamoja, tukianzia kwenye mfuatano wa matukio yenyewe, na mwalimu asione haya kutumia Kiswahili kufanya hivyo. Najua shule nyingi zina kibao cha kukataza Kiswahili wakati wa kipindi cha Kiingereza. Kwa mada nyingine sina ugomvi nacho. Kwa hii kinatunyima msaada ambao tayari tunao, maana mtoto anapoingia darasani anajua vizuri sana kutofautisha tendo lililotangulia na lililofuata. Analifanya kila siku kwa "-po-", "-me-", "-ka-" na "-ja-". Asichokijua ni mahali Kiingereza kinapoiweka tofauti hiyo.

Tuchukue stendi ya mabasi. "Tulipofika stendi, basi liliondoka." "Tulipofika stendi, basi lilikuwa linaondoka." "Tulipofika stendi, basi lilikuwa limeondoka." Uliza darasa: ni katika sentensi ipi mtu angeweza kukimbia akadandia? Ni ipi ambayo hata kuliona basi hawakuliona? Hakuna atakayekosea. Sasa andika ubaoni, moja chini ya nyingine: "When we arrived, the bus left." "When we arrived, the bus was leaving." "When we arrived, the bus had left." Nusu ya kwanza haikuguswa hata kidogo. Kilichobadilika ni kitenzi cha nusu ya pili, na ndicho kilichobeba habari yote. "When" peke yake haisemi lipi lilitangulia. Inakutanisha matukio mawili tu, na kitenzi kinabaki na kazi ya kusema basi lilikuwa wapi. Hapo "had" ni ya lazima. Ukiiacha umesema jambo jingine kabisa.

Linganisha na "after". "After she had closed the shop, she went home." "After she closed the shop, she went home." Zote mbili ni sahihi na maana ni ileile, kwa sababu "after" yenyewe imekwisha kutaja mfuatano na kitenzi hakina cha kuongeza. "As soon as" ni vivyo hivyo, na "before" kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo mwalimu anayemkata mwanafunzi alama kwa kuandika "After she closed the shop" anamkata kwa jibu sahihi. Kosa hili la kwanza, la sisi walimu, limeenea, na linawaumiza zaidi wanafunzi wanaosoma vitabu vya hadithi, ambao wamekutana na muundo huo mara nyingi na wakauamini.

Kosa la pili linatokana na "-me-". Kiswahili kinaruhusu kusema "nilikuta ameondoka" au "niliona mlango umefungwa" bila kuongeza "alikuwa" wala "ulikuwa". Kiambishi "-me-" kinajipima kwa wakati wa kitenzi kilichotangulia, si kwa wakati wa msemaji. Mwanafunzi anahamisha hivyo hivyo: "I found that he has left." Kiingereza hakikubali. "Has left" inapimwa kutoka sasa hivi, msemaji anapofungua mdomo. Simulizi ikishaanza kwa "found", lililokamilika kabla yake linataka "had left". Dawa yake ni fupi: mzoeshe mwanafunzi kulirudisha "alikuwa" lililofichika. "Nilikuta ameondoka" aigeuze kwanza kuwa "nilipofika, alikuwa ameondoka", ndipo atafsiri. "Alikuwa" humleta kwenye "had" bila shida.

La tatu ni "kabla". Sisi husema "kabla mvua haijanyesha, tulianua nguo", na ukanushi uliomo kwenye "haijanyesha" ni halali kwetu. Ndipo kwenye madaftari tunapata "Before it did not rain, we took in the clothes", au "Before it has not rained". "Before" haitaki ukanushi wowote baada yake, kwa sababu maana ya kutokutokea bado imo ndani yake tayari. Inatosha "Before it rained, we took in the clothes", au "before it started raining", ambayo inasikika vizuri zaidi. Mwanafunzi asiambiwe tu kwamba amekosea. Aonyeshwe kwamba "-ja-" ya Kiswahili na "before" ya Kiingereza zinafanya kazi moja, hivyo hakuna haja ya kuifanya mara mbili. Akielewa hilo, kosa hukatika. Akipigiwa mstari mwekundu bila maelezo, litarudi hadi chuo kikuu.

La nne ni "mpaka", nalo halizungumzwi vya kutosha. Kuna "mpaka" mbili katika usemi wetu. "Tulisubiri mpaka mvua ilipokatika" ni "We waited until the rain stopped". Kusubiri kuliendelea, mvua ikakatika, kusubiri kukaisha. Lakini tunasema pia "mpaka nafika, alikuwa ameshaondoka". Hapa hakuna kitu kilichoendelea hadi nikafika. Kuondoka kulikwisha zamani. Kiingereza kinatenganisha maana hizi mbili. Hii ya pili ni "By the time I arrived, he had left." Ukiandika "Until I arrived, he had left", msomaji wa Kiingereza anakwama. Kipimo ni hiki: kama tendo kuu liliendelea mfululizo hadi hatua fulani, tumia "until", kama lilikamilika kabla ya hatua hiyo, tumia "by the time", na kitenzi chake kikuu kiwe na "had". Na wale wanaoandika "until when the rain stopped" au "up to when" waondoe "when", "until" inajitosheleza.

Ukanushi ukikutana na "until" mambo yananoga. "The railway had reached Moshi before the First World War, but it did not reach Arusha until 1929." Sentensi hii moja ina "before", "until", "had" na wakati uliopita wa kawaida usio na "had", kila kimoja mahali pake, na ni historia ya reli yetu wenyewe. Darasa la Arusha litaikumbuka kuliko sentensi ya kitabuni ya Mr Brown na mwavuli wake.

"Wakati" nalo lina mtego. "Wakati wa mvua" na "wakati mvua inanyesha" zote zinaanza na neno lilelile, ila Kiingereza kinatumia maneno mawili tofauti: "during the rain", "while it was raining". "During" hufuatwa na nomino, "while" hufuatwa na sentensi yenye kitenzi. "During I was climbing" ni kosa la kila siku. Kuhusu kitenzi cha baada ya "while", tendo refu lililokuwa likiendelea huchukua "was" au "were" na "-ing", na tendo fupi lililolikatiza hubaki katika wakati wa kawaida: "While she was cooking, the phone rang." Mwanafunzi akigeuza akaandika "While she cooked, the phone was ringing", hajavunja sarufi, ila ameifanya simu kuwa ndiyo iliyochukua muda. Muulize kama ndicho alichokusudia. Vitenzi kama "know", "have" ya kumiliki, "want" na "believe" havikubali "-ing" kirahisi, kwa hiyo "nilipokuwa namjua" isigeuzwe kuwa "while I was knowing him". Ni "when I knew him".

Sasa nirudi kwenye "had", maana kuna upande wake wa pili. Wanafunzi waliokaririshwa kwamba tendo lililotangulia lazima lipewe "had" huipanda kila mahali: "I had woken up, I had washed my face, I had taken tea and I went to school." Hapo Kiswahili kinatuokoa tena. Tungesema "nikaamka, nikanawa, nikanywa chai, nikaenda shule". Mahali ambapo Kiswahili kinatumia "-ka-", matukio yanafuatana kama yalivyotokea, na Kiingereza kinataka wakati wa kawaida tu: "woke up, washed, drank, went". "Had" inahitajika pale msimulizi anapogeuka nyuma na kutaja lililotokea mapema kuliko mahali simulizi ilipofika. Mwanafunzi akijiuliza "hapa ningesema 'nika-' au ningesema 'nilikuwa nime-'?" anapata jibu mara nyingi kuliko anayetafuta kanuni kwenye chati.

Kuhusu "since" nitasema machache. Sentensi ndogo inayofuata "since" huchukua wakati wa kawaida, na sentensi kuu huchukua "have" ikiwa jambo linafika hadi leo: "Since I came to Arusha, I have not seen snow fall." Kosa la kawaida ni "I did not see". Ikiwa simulizi nzima iko zamani, "have" inakuwa "had". Na "tangu miaka mitatu iliyopita" ni "for three years", kwa sababu "since" inataka mwanzo wa kipindi: mwaka, siku, au tukio.

Kuna "atakapofika" pia. "Alisema atapiga simu atakapofika Moshi" ina "-ta-" mbili, na mwanafunzi huzibeba zote: "He said he would call when he would reach Moshi." Kiingereza hakiweki "will" wala "would" ya wakati ujao ndani ya sentensi inayoanza na kiunganishi cha wakati. Sahihi ni "He said he would call when he reached Moshi." Wanafunzi hushangaa kwamba "reached" yenye sura ya wakati uliopita inataja jambo ambalo lilikuwa halijatokea. Wape muda wa kushangaa, kisha wape mifano mitano ya aina hiyo kwa mdomo.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya mtihani tu. Katika mkoa wetu si ya mtihani tu. Kila msimu waongoza watalii wanaandika taarifa kwa Kiingereza kuhusu mgeni aliyezidiwa na kimo mlimani, na taarifa hiyo inasomwa na daktari ambaye hakuwapo. Tuseme ni Kibo Hut, kambi ya Mlima Kilimanjaro iliyo zaidi ya mita 4,700 juu ya usawa wa bahari. Mwongozaji anaandika: "The client vomited when I gave him the tablet." Daktari anasoma kwamba alipompa dawa mgeni akatapika, yaani huenda dawa haikukaa tumboni. Ikiwa mgeni alikuwa amekwisha kutapika kabla ya kupewa, sentensi inayotakiwa ni "The client had already vomited when I gave him the tablet", na hapo daktari atahesabu kwamba dawa ilibaki. Vilivyozitenganisha ni "had already" tu, na hesabu ya dozi inayofuata inategemea hapo.

Mfano mwingine wa hapo hapo: "We started down before he lost consciousness." Je, alizimia au hakuzimia? Kwa Kiingereza "before" haisemi. Sentensi hii inafaa kwa aliyezimia njiani baadaye, na inafaa pia kwa ambaye kushushwa mapema kulimwokoa asizimie. Mwongozaji asiiache hapo. Aongeze "He lost consciousness about forty minutes after we had started down", au "He did not lose consciousness at any time". Namwomba kila anayefundisha Kiingereza cha utalii achukue kipindi kimoja kwa taarifa za aina hii, badala ya kumaliza muda wote kwenye salamu na majina ya wanyama.

Kwa kipindi cha dakika 40 mpangilio unaowezekana ni huu. Chora mstari mmoja mrefu ubaoni, kushoto zamani, kulia sasa. Chukua matukio matatu ya kweli na uyatie nukta. Historia ya Kilimanjaro inafaa sana: Mjerumani Hans Meyer alijaribu kupanda Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huo, mwaka 1887 akashindwa, akajaribu tena 1888 akashindwa, akafika kileleni akiwa na mpanda milima Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889. Nukta tatu. Waambie wanafunzi waanze na nukta ya kushoto wakienda kulia, bila kurudi nyuma. Wote watatumia wakati wa kawaida. Kisha waambie waanze na 1889, ndipo wataje yaliyotangulia: "When Meyer reached the top in 1889, he had already failed twice." Macho yao yanaona mshale ukirudi kushoto, na "had" inapata sababu ya kuwapo. Ongeza nukta ya mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji ya mlima huo, waandike sentensi moja yenye "by the time" na nyingine yenye "since". Dakika kumi za mwisho zitumike kubadilisha kitenzi kimoja kimoja katika sentensi ileile, kila mara darasa likieleza kwa Kiswahili kilichobadilika. Usitoe zoezi la kujaza nafasi siku hiyo.

Koma nayo iwekwe hapo hapo: sentensi ndogo ikitangulia, koma inaitenga na kuu, ikifuata, koma haihitajiki. Na mtazame wale wanaoandika "When did he arrive, we were eating". Wamelijua "when" kwanza kama neno la kuulizia, sawa na "lini" letu, na wanaendelea kuuliza hata wanaposimulia. Waambie "when" ya "-po-" haichukui "did".

Imebaki miundo ya "no sooner" na "hardly", inayopendwa sana kwenye maswali ya kuandika sentensi upya. "No sooner had the rain stopped than the children ran out." "Hardly had the rain stopped when the children ran out." Mambo yanayoharibika ni matatu: mwanafunzi anasahau kutanguliza "had" mbele ya mtenda, anachanganya "than" na "when", au anaweka "had" pande zote mbili. "No sooner" inaenda na "than" kwa kuwa ni ulinganishi. "Hardly" inaenda na "when". Lakini hii ni miundo ya maandishi rasmi, na haistahili wiki mbili wakati mwanafunzi bado anaandika "before I did not".

Mwisho ni ombi kwa wanaotunga majaribio ya pamoja ya shule na vitini vya tuisheni ya likizo. Mkiweka sentensi yenye "after" au "as soon as", andikeni kwenye mwongozo wa kusahihisha kwamba majibu yenye "had" na yasiyo na "had" yote yapewe alama. Mkitaka kupima "had" kwa haki, tumieni "when" na muweke mazingira yanayoonyesha wazi kipi kilitangulia, mfano "When the fire engine came, the house had burnt to the ground", ili mwanafunzi aamue kwa kufikiri nyumba ilikuwa katika hali gani gari lilipofika.

Mwalimu wa Kiingereza,
Moshi